Weupe wa Karatasi ya Beardsley

Aubrey Beardsley hakuitimiza miaka 26. Alizaliwa Brighton, Uingereza, mwaka 1872, akafa kwa kifua kikuu huko Menton, Ufaransa, mwaka 1898. Hadi 1892 mchana alikuwa karani wa bima. Usiku akichora kwa wino mweusi penye mwanga wa mishumaa. Kwanza alimfuata Burne-Jones, mchoraji wa mashujaa na malaika wa hadithi za kale. Katika michoro zaidi ya 300 aliyoitia katika kitabu cha Le Morte d'Arthur (1893–94), nakshi za maua na miiba zimesongamana hata jicho halina pa kutua.

Kisha ikaja Salome ya Oscar Wilde, mwaka 1894, na ukurasa ukaachwa mtupu. Tazama mwanamke mwenye vazi la tausi: joho lake lateremka kwa mistari mirefu, myembamba, wala nyuma yake hamna ukuta wala kivuli. Weupe ndio unaombeba.

Somo hilo lilitoka Japani. Bandari za nchi ile zilipofunguliwa kwa meli za Magharibi katika miaka ya 1850, picha za chapa za mbao za kina Hokusai na Utamaro zilimiminika Ulaya. Mwaka 1891 kijana huyu alikwisha kukitembelea, jijini London, chumba cha tausi alichokipamba Whistler kwa mapenzi hayohayo ya Mashariki.

Wapo wasemao kwamba alifuata mtindo wa wakati tu. Mimi sikubaliani nao. Michoro yake ilichapwa kwa bamba la chuma lililoliwa na tindikali, na bamba hilo halijui kijivu: ni nyeusi au nyeupe. Alihitaji walimu waliojua kuutumia utupu. Mpenzi wa ushairi hatashangaa, kwani pumzi iliyopo baina ya ukwapi na utao nayo ni sehemu ya mizani. Rangi za Wajapani hakuzichukua, wala milima yao, wala bahari yao. Alichukua kimya chao. (Wilde mwenyewe, inasimuliwa, alinung'unika kwamba Salome wake wa Bizanti amefanywa Mjapani.)

Deni likarudi Mashariki. Mwaka 1929, huko Shanghai, mwandishi Lu Xun alitoa kitabu cha michoro teule ya Beardsley. Alikuwa akimshutumu mchoraji wa mji huo, Ye Lingfeng, kwa kumnakili Mwingereza huyo, naye alitaka wasomaji waione asili kwa macho yao.