Gereza: Kutoka Kanisa na Ngome hata Kifungo

Sisi tuliolelewa Ibighi, katika migomba na mvua za Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, tulilijua neno "Boma" kabla hatujalijua neno "ngome". Mtu aliyeitwa Bomani alikwenda kulipa kodi, au kushitakiwa, au kufungwa; na waliobaki nyumbani hawakuwa na hakika atarudi kwa njia ipi. Jengo lilikuwa moja, na shughuli zake zilikuwa tatu. Kwa hiyo si ajabu kwamba tulipokua na kusoma habari za ngome kongwe za pwani, tulihisi kama tunasoma habari za nyumbani.

Insha hii yahusu ngome zilizogeuzwa magereza. Tutaanza na neno lenyewe, maana lugha ni ghala ya historia. Wataalamu wengi wa lugha wakubali kwamba neno "gereza" latokana na neno la Kireno "igreja", ambalo maana yake ni kanisa. Mwanafunzi atauliza: yawezekanaje nyumba ya ibada ikazaa jina la nyumba ya kifungo? Jibu limo katika mawe. Mreno alipojenga ngome katika pwani yetu alijenga na kanisa ndani yake, na watu wa nje, waliokuwa wakiuona ukuta tu, wakaliita jengo zima kwa jina lile. Kanisa likatoweka, ngome ikabaki. Mwisho ngome ikawekwa wafungwa, na jina likawafuata wafungwa.

Ushahidi tunao hapa nchini. Katika Kilwa Kisiwani, Wareno waliuteka mji mwaka 1505 na kujenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Ngome inayosimama leo ufukoni ilijengwa na Waarabu wa Omani yapata mwaka 1800 juu ya mabaki ya ile ya kwanza, na hata sasa yaitwa Gereza. Unguja nako, Waomani walipowafukuza Wareno walijenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Katika karne ya 19 ngome hiyo ilitumika kuwa gereza.

Lakini mfano ulio wazi kupita yote ni Ngome ya Yesu, Mombasa. Ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili, aliyetawala Uhispania na Ureno pamoja, na ramani yake ilichorwa na Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Ilisimikwa juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari, ili mizinga yake ikitawale kila chombo kinachoingia. Asiyeishika ngome hiyo hakuweza kusema kwamba ameishika Mombasa.

Kwa sababu hiyo ilinunuliwa kwa damu mara nyingi. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme aliyelelewa na Wareno huko Goa, akabatizwa, kisha akarudishwa kutawala Mombasa, aliwaasi walezi wake, akamwua kapteni wao na kuitwaa ngome. Mwaka uliofuata Wareno waliizingira wakashindwa. Yusuf alipoondoka mwenyewe ndipo wakaingia tena. Kuanzia Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Omani yaliizingira ngome hata Desemba 1698. Ndani walikuwamo Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Baadaye ikawa makao ya maliwali wa Kimazrui, na mwaka 1837 Sayyid Said wa Unguja na Omani akaitia mkononi.

Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao katika Afrika ya Mashariki, na mwaka huohuo ngome ikafanywa gereza. Ikakaa katika hali hiyo hadi mwaka 1958, yaani miaka 63.

Yafaa tusimame hapa na kufikiri. Kwa nini ngome hugeuka gereza kwa urahisi hivi? Sababu ya kwanza ni ya ujenzi: ina kuta nene, ina lango moja, na askari aliye juu ya ukuta huona kila kitu. Aliyekuta jengo la namna hiyo hakuwa na haja ya kujenga jingine. Sababu ya pili ni ya siasa, nayo ndiyo yenye uzito. Ngome hutazama nje. Mizinga yake humwelekea adui atokaye baharini. Gereza hutazama ndani. Bunduki ya mlinzi humwelekea mtu aliyemo. Mkoloni alipokwisha kugawana Afrika na wakoloni wenzake, hakuwaogopa tena wapinzani wa baharini. Hofu yake ikahamia kwa wale aliowatawala. Ukuta haukusogea hata hatua moja, ila adui alibadilishwa jina.

Huku bara mambo hayakuwa mbali na hayo. Wajerumani walianza na kituo cha Langenburg kando ya Ziwa Nyasa, kisha wakapanda milimani wakajenga boma la Neu-Langenburg, ndilo chanzo cha mji wa Tukuyu, lililotekwa na Waingereza mwaka 1916. Pamoja na boma ilikuja kodi ya nyumba, kazi ya mnyororo, na viboko ambavyo wazee waliviita "hamsa ishirini". Wanyakyusa walizoea kuamuliwa na wazee, na aliyekosa alimlipa aliyekosewa kwa ng'ombe, hata ujirani ukarudi. Kumfungia mtu ndani ya mawe, ambako halimi wala halipi, lilikuwa jambo geni. Songea nako, tarehe 27 Februari 1906, mashujaa wa Vita vya Maji Maji, zaidi ya sitini, walitolewa kifungoni wakanyongwa. Taifa huwakumbuka kila mwaka.

Ngome ya Yesu ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, katika kuirudishia sura yake ya kale, majengo ya gereza yalibomolewa. Mgeni huonyeshwa mizinga, na huonyeshwa michoro ya meli ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani wakiwa zamu. Michoro ile yastahili kuhifadhiwa. Lakini Mreno aliyechora kwa kuchoka na zamu ametunziwa ukuta wake, na Mwafrika aliyehesabu siku zake humo amebomolewa chumba chake. Miaka 63 imekuwa kama sentensi moja katika maelezo ya jengo.

Wako wasemao kwamba majengo ya namna hii yabomolewe, kwa kuwa ni aibu. Sisi hatukubaliani nao. Aibu si ya mawe, tena si ya aliyefungwa bila haki. Na ukuta ukianguka, shahidi ameanguka. Wako pia wasemao kwamba yapambwe, yawe mahali pa ngoma na maonyesho, kama Ngome Kongwe ya Unguja. Hilo twalikubali kwa sharti moja: kwamba anayecheza ngoma uani aambiwe ni nani waliokaa pale kabla yake.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya gereza aijuaye ni mfungwa, naye hakuachiwa kalamu. Basi walimu wa historia wanapowapeleka vijana kutazama boma la wilaya yao, au ngome ya pwani, wasiishie kwenye mwaka wa kujengwa na jina la aliyejenga. Wawaulize vijana swali la pili: ni nani aliyeingizwa humu, kwa kosa gani, na ni nani aliyeliita kosa? Kisha wawatume nyumbani wakawaulize wazee, waandike majibu, wayatunze shuleni. Majina yatakayopatikana hayatakuwa mengi. Lakini kila jina litakalopatikana litakuwa limetoka kifungoni.