Kwa nini Kiswahili chetu kinawashtua wazee wa Kampala?

Leo tunaandika juu ya jambo ambalo karibu sote limetupata. Uko ndani ya taksi, unatoka Nsambya kwenda mjini. Simu inalia, ni mama. Unapokea kwa Kiswahili, na mzee aliyekaa kando anageuka kukuangalia. Wengine wetu siku hizi tunakata simu na kuandika meseji, ili tusijulikane. Wanatuulizaga: mbona mnaongea lugha ya askari? Wengine wanasema wazi, lugha ya wezi. Sisi tulidhani ni chuki tu kwa wakimbizi. Tulipoanza kusoma historia tukaona kuna zaidi ya hiyo.

Kwanza, Kiswahili hakikuletwa Kampala na sisi. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa pwani walishafika kwa Kabaka Suuna, wanaleta nguo na bunduki, wanatafuta pembe za ndovu. Mwanawe, Mutesa I, alijifunza Kiswahili na Kiarabu. Stanley alipofika mwaka 1875 alizungumza na Kabaka kupitia Kiswahili. Wamisionari Waprotestanti walikuja mwaka 1877, Wakatoliki mwaka 1879, na mwanzoni walifundisha kwa Kiswahili wakati bado wanajifunza Kiganda. Sikiliza Kiganda cha sokoni leo: ekitabo, essowaani, emmeeza, ssabbuuni. Hayo maneno unayajua.

Basi hofu ilitoka wapi? Waingereza walipotawala, Kiswahili kikawa lugha ya jeshi na polisi. Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, na askari wa makabila tofauti walipewa amri kwa Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana William Gowers alitaka kienezwe mashuleni. Kabaka Daudi Chwa alipinga mwaka 1929, na maaskofu pia walipinga. Hawakuwa wanapigania sarufi. Waganda waliogopa kuunganishwa na Kenya, ambako walowezi wazungu walikuwa wamechukua ardhi. Kwao, kukubali Kiswahili kulikuwa kama kufungua mlango wa kunyang'anywa mashamba. Kikabaki kambini kwa askari.

Halafu ikaja miaka mibaya. Idi Amin, ambaye mwenyewe alikuwa askari wa King's African Rifles, aliitangaza kuwa lugha ya taifa katika miaka ya 1970. Watu walikisikia redioni, na walikisikia pia kwenye vizuizi vya barabarani. Tarehe 11 Aprili 1979 jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala, nao wakiongea Kiswahili. Katika serikali ya pili ya Obote, kati ya 1980 na 1985, askari walizingira mitaa na kuwakusanya watu. Msako huo watu waliuita kwa ile amri yenyewe: panda gari. Wako waliopanda na hawakurudi nyumbani.

Sasa mfikirie yule mzee wa kwenye taksi. Kama alikuwa kijana mwaka 1982, huenda maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyoyajua vizuri ni hayo mawili. Akigeuka, pengine si wewe anayekuona.

Na sisi tusijifanye wasafi. Mashariki ya Congo pia Kiswahili kiliingia na misafara ya pembe na watumwa, wakati wa Tippu Tip, kupitia Nyangwe na Kasongo. Kilikuja na bunduki kwetu pia. Lakini baadaye wamama walikichukua wakauzia ndizi, wakaombea, wakabembelezea watoto. Mbembe akaoa Mshi, nyumba ikahitaji lugha moja. Leo ni moja ya lugha nne za taifa la Congo. Tofauti kati yetu na mzee wa Kampala ni hii: sisi tulipewa Kiswahili na mama, yeye alipewa na askari.

Mpaka nao umechangia. Mwaka 1910 wazungu walikaa Brussels wakakubaliana mpaka upite wapi. Wakonzo wakabaki Uganda, Wanande wakabaki Congo, na ni watu wa lugha moja. Ukienda Mpondwe au Bunagana, Kiswahili cha biashara kinapita pande zote bila kuuliza pasipoti. Marekani iko hivyo hivyo kusini. Baada ya mkataba wa mwaka 1848 Mexico ilipoteza ardhi kubwa, na wenye Kihispania wakajikuta ndani ya nchi nyingine bila kuhama. Huko Texas watoto waliwahi kuadhibiwa shuleni kwa kukiongea. Hata hivyo leo kando ya mto Rio Grande utakisikia dukani, kanisani na ofisini.

Uganda nayo inabadilika. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mwaka huohuo Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini sheria haimwondolei mtu kumbukumbu.

Kwa ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, tuna maombi mawili. Msiandike "Mkongomani = Kiswahili" kabla hamjauliza. Kuna mama anayejua Kilendu au Kinyabwisha peke yake, na ataitikia "ndiyo" kwa kila swali kwa sababu ya aibu. Pili, mkimpeleka kijana wetu kuwa mkalimani kwa wenyeji, msishangae wazee wakinyamaza. Mpeni muda ajitambulishe, waone ni mtoto wa nani.

Na kwetu vijana: tusikate simu ya mama. Lakini tujifunze Kiganda. Ukipanda taksi, msalimie kwanza aliye kando yako: "Wasuze otya, ssebo." Akikujibu, ongea na mama yako kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida. Mzee atasikia unauliza kama mtoto amepona, kama mvua imenyesha, kama wamekula. Wengi wao hawajawahi kukisikia Kiswahili kikiuliza mambo ya namna hiyo.