Ng'ombe wa Vitambaa

Katika karne ya 18, ng'ombe wa Pampas, zile nyika za nyasi zinazoizunguka Buenos Aires, walichinjwa kwa maelfu kwa ajili ya ngozi tu. Nyama iliachwa palepale, ikaliwa na mbwa na ndege wala mizoga, maana hapakuwa na njia ya kuivusha bahari bila kuoza. Baadaye vikaja viwanda vya kuikausha kwa chumvi, nayo ikapelekwa Brazili na Kuba kulisha watumwa. Mwaka 1876 meli ya Kifaransa, Le Frigorifique, ikatia nanga Buenos Aires ikiwa na mitambo ya ubaridi, na haikupita miaka mingi nyama ya Argentina ikawa mezani London. Nchi ikatajirika kwa kisu.

Msanii Tamara Kostianovsky, aliyezaliwa Jerusalem mwaka 1974, alikulia Buenos Aires, katika mji huo wa nyama. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji. Alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye kliniki ya baba yake, akaona ngozi inavyofunguka na mafuta na misuli iliyo chini yake. Mwaka 2000 alihamia Marekani, akasomea sanaa Philadelphia. Muda si mrefu uchumi wa Argentina ukaporomoka. Peso, iliyokuwa imefungwa kwenye thamani ya dola moja, iliachiwa Januari 2002 ikaanguka, na akiba yake ikaanguka nayo. Fedha za vifaa zikakosekana. Kabatini zilikuwamo nguo, baadhi zimesinyaa kwa kufuliwa vibaya. Akashika mkasi.

Nguo hizo zikazaa mizoga ya ng'ombe yenye ukubwa wa kweli, inayoning'inia kwenye ndoano za bucha: misuli ya kitambaa chekundu, mafuta ya kitambaa cheupe, mbavu zimeachana. Ukiwa mbali unaona machinjio. Ukisogea unaona mshono, na unakumbuka kwamba nguo ile ilivaliwa na mtu.

Mizoga si migeni katika sanaa: Rembrandt alichora ng'ombe aliyechunwa mwaka 1655. Chaïm Soutine, miaka ya 1920 huko Paris, alitundika mzoga mzima chumbani mwake, akawa anaumwagia damu rangi isififie, hadi majirani wakachoshwa na uvundo wakalalamika. Picha zake ni za ajabu, sikatai. Ila ili zichorwe ilibidi mnyama afe, naye akageuzwa tena kuwa kifaa. Kostianovsky hakumhitaji ng'ombe wa kuchinjwa. Mwili alioutoa ni nguo zake mwenyewe, na hapo ndipo ninapouona uzito wa kazi yake.

Mwaka 2024 kazi hizo zilioneshwa Paris, katika Musée de la Chasse et de la Nature, jumba la makumbusho ya uwindaji, miongoni mwa bunduki za kale na wanyama waliokaushwa. Katika mizoga yake ya karibuni, ndani ya mbavu mmeota majani ya vitambaa, na ndege wametua humo.