Jiokashingi: kusaka kisanduku kwa GPS, na funzo lake kwa Shelui

Jiokashingi ni mchezo wa kutafuta kisanduku kilichofichwa nje kwa kufuata namba za latitudo na longitudo kwenye kifaa cha GPS cha mkononi. Anayeficha hutangaza namba hizo kwenye intaneti. Anayekipata kisanduku huandika jina na tarehe kwenye kidaftari kilichomo, kisha hukirudisha palepale. Hapa tunaeleza mchezo ulikotoka na namna vijana wa Shelui, wilayani Iramba, wanavyoweza kuujaribu.

Ulianzaje?

Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kifaa kiliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Uvurugaji huo ulizimwa mwanzoni mwa Mei 2000. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo msituni katika jimbo la Oregon na kutangaza namba zake. Baada ya siku chache ilipatikana, na mchezo ukazaliwa.

Namba husomwaje?

Kifaa hupokea mawimbi ya satelaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, na huhitaji angalau nne ili kujua kilipo. Mahali pa wazi hukosea kwa mita chache tu. Makosa makubwa hutoka kwa msomaji.

Kosa la kwanza ni kuchanganya dakika zenye desimali na sekunde. Nyuzi 4 dakika 20.500 ni sawa na nyuzi 4, dakika 20 na sekunde 30. Ukisoma sekunde 50, umepotea kwa zaidi ya mita 600.

La pili ni mfumo wa ramani. GPS hutumia mfumo wa WGS84, lakini ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa Arc 1960. Namba zilezile zikisomwa kwa mfumo usio wake, mahali husogea kwa karibu mita 300. Kabla ya kutoka, fungua sehemu ya mipangilio kwenye kifaa na uhakikishe mfumo.

Kwa nini ni muhimu Shelui?

Hii ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa jirani wa Sekenke ulichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na dhahabu yake ilitumika kutengeneza sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916. Leo eneo la leseni ya mchimbaji mdogo huelezwa kwa namba za pembe zake. Mita 300 zinatosha kumweka mtu katika eneo la jirani, na ugomvi ukaanza. Kijana aliyejifunza kusoma namba mchezoni ataweza kuuliza swali sahihi anapooneshwa karatasi ya leseni. Hata hivyo, GPS ya mkononi haichukui nafasi ya mpima ardhi.

Tahadhari

Maduara yaliyoachwa ni hatari kubwa kuliko zote. Mshale wa kifaa huonesha njia iliyonyooka. Hauoni shimo lililofunikwa na majani. Tazama chini kwanza, kisha kioo. Msitafute usiku, wala mtu asiende peke yake.

Toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji na ombeni ruhusa ya mwenye ardhi. Msichimbe: kwa kanuni za mchezo kisanduku hakifukiwi, na anayeonekana akichimba Shelui atadhaniwa anatafuta dhahabu. Wakati wa masika epukeni mbuga za Wembere, maana udongo wake hunasa miguu.

Mwanzo rahisi

Chagueni uwanja wa shule. Mmoja afiche kopo lenye kidaftari na kalamu, aandike namba pamoja na mfumo uliotumika, kisha wenzake watafute. Wakishindwa, linganisheni namba mlizoandika kabla ya kulaumu kifaa.