Wilson hadi Amboseli: kilomita ni zile zile, saa siyo

Wadau, wiki hii tuweke msimbo kando kidogo, tuongee historia.

Ukitaka umbali kati ya viwanja viwili vya ndege, kompyuta haisumbuki. Unaipa latitudo na longitudo za kila kiwanja, unaipa nusu kipenyo cha dunia (kilomita 6,371), kisha kanuni ya haversine inamaliza kazi. Mabaharia wa karne ya 19 waliipiga kwa kalamu na majedwali. Nilipojaza Wilson, Nairobi, na Amboseli, kaunti ya Kajiado, nilipata kilomita 155 hivi.

Namba hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni muda. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mwaka 1929. Ndege ndogo ya enzi hizo, Gipsy Moth, ilienda kama kilomita 137 kwa saa, kwa hiyo safari hii ingeichukua saa moja na dakika 8. Leo Cessna Caravan, kwa kilomita 300 kwa saa, inatumia kama nusu saa, ukiongeza dakika chache za kupaa na kutua.

Sasa tushuke chini. Kwa gari kupitia Namanga ni kilomita 240 hivi. Mbona zaidi? Fungua ramani. Ndege inanyoosha kusini-mashariki. Barabara inazungukia Athi River hadi Kitengela, kilomita 10 hivi mashariki ya mstari wa ndege. Halafu inarudi magharibi hadi Kajiado mjini, kilomita 20 na zaidi upande wa pili, inashuka Namanga, ndipo igeuke tena mashariki. Mwaka 2006 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kuijenga upya barabara ya Athi River–Namanga. Lami ikaja, lakini foleni ya Kitengela jioni mnaijua wenyewe. Haversine haina kigezo cha foleni.

Kuna watu walioelewa jambo hili mapema. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Michael Wood na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka, ambayo leo ni AMREF, na ndege zake zinaruka kutoka Wilson. Mgonjwa aliye mbali na lami hahesabu kilomita, anahesabu saa.

Kwa hiyo, ndugu zangu waandishi wa programu, ukitengeneza kitu cha kumwonyesha mtu hospitali "iliyo karibu", usipange orodha kwa mstari ulionyooka ukadhani umemaliza. Mstari huo ni wa ndege. Mama wa Kajiado anayetafuta gari saa nane usiku hana ndege. Mpe dakika za barabara, na kama huna data hiyo, andika wazi kwamba umbali huo ni wa angani.

Haya, tuonane wiki ijayo.