Picha za Angani na Majina ya Ardhini: Historia Fupi ya Ramani za Misitu

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama chetu Kikuu, wasomaji watakuta habari za kahawa iliyopimwa, fedha zilizolipwa na vyama vya msingi vilivyojiunga. Sisi tumeona inafaa kuandika juu ya jambo ambalo wengi hawakulitazamia kuwa kazi ya chama cha wakulima, nalo ni ramani za misitu zitengenezwazo kwa picha za setilaiti. Sababu yetu ni moja. Siku hizi, mbali sana na Kilimanjaro, yuko mtu atazamaye picha ya mteremko wetu na kuamua kama pale penye kahawa ni shamba au ni msitu. Uamuzi wake waweza kufungua soko au kulifunga. Basi yatupasa kujua kazi hiyo ilianzaje, hutendekaje, na sisi tuna sehemu gani ndani yake.

Zamani ramani ya mimea ilichorwa na mtu aliyesafiri na kuona. Mfano mkubwa katika Tanganyika ni Clement Gillman, mhandisi aliyefika nchini mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani, kufanya kazi ya reli. Kwa safari za miaka mingi alikusanya habari za misitu, miombo, mbuga na vichaka, akazitia katika ramani moja ya nchi nzima. Alifariki mwaka 1946, na ramani yake ikachapishwa New York mwaka 1949. Sifa ya ramani ya namna hiyo ni kwamba mchoraji alikijua alichokiita msitu. Upungufu wake ni kwamba nchi ni kubwa na maisha ya mtu ni mafupi. Kabla wino haujakauka, mahali pengine pamekwisha kulimwa.

Katika miaka ileile ndege zilianza kusaidia. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake, na picha zilizopigwa kutoka hewani zikawa msingi wa ramani nyingi za Afrika Mashariki. Picha mbili zilizopandana zikitazamwa pamoja kwa miwani maalum, vilima huinuka na miti huonekana kwa urefu wake. Lakini safari ya ndege ni ya gharama, na mahali pengi palikaa miaka mingi bila kupigwa picha ya pili.

Mageuzi makubwa yalikuja tarehe 23 Julai 1972, Marekani iliporusha setilaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Hiyo ilizunguka dunia na kurudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 18. Mwaka 1975 kilianzishwa Nairobi kituo cha kanda cha upimaji na ramani, ambacho kimewafundisha Waafrika wengi kuzisoma picha za namna hii. Hata hivyo jicho la Landsat 1 halikuwa kali. Kila mraba mmoja wa picha ulikuwa na upana wa kama mita 80, yaani eneo la ekari moja na nusu hivi. Wengi wetu tuna vihamba vidogo kuliko hapo; kihamba kizima, pamoja na nyumba, migomba na njia, kiliweza kumezwa ndani ya mraba mmoja. Landsat 4 ya mwaka 1982 ilileta miraba ya mita 30, na setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-2, iliyorushwa mwaka 2015, ilileta miraba ya mita 10.

Tena palikuwa na kizuizi cha bei. Kabla ya mwaka 2008 picha moja ya Landsat 7 iliuzwa kwa dola 600. Mwaka huo Marekani iliamua kuzitoa bure, na kazi ikapanuka mara moja. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland na wenzao walitoa ramani ya dunia nzima iliyotokana na picha zaidi ya 650,000. Ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2000 na 2012 dunia ilipoteza misitu ya kilomita za mraba milioni 2.3, na kupata mipya ya milioni 0.8.

Msomaji atauliza: setilaiti huujuaje msitu? Jibu ni kwamba haiujui. Hupima mwanga tu. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu, na hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Kwa kulinganisha miali hiyo miwili, mashine hutambua penye majani mengi na penye machache. Kisha mtaalamu huionyesha mashine mifano: hapa ni msitu, hapa ni mahindi, hapa ni majani makavu. Mashine huvipa jina la msitu vyote vinavyofanana na msitu. Kwa hiyo jina halitoki mbinguni. Limetoka kwa mtu, na mtu huyo akikosea mfano, mashine hulirudia kosa lake mara elfu bila kuchoka.

Hapo ndipo kihamba kinapoingia katika habari hii. Katika mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, mringaringa na mruka husimama juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na magimbi chini kabisa. Wataalamu wamehesabu katika vihamba hivi aina zaidi ya 500 za mimea. Bustani ya namna hiyo ikitazamwa kutoka juu huonekana kama msitu, kwa sababu setilaiti huona vilele vya miti, wala haioni mkono uliopanda kahawa chini yake. Na ramani ile ya mwaka 2013, kwa mfano, ilihesabu kila mmea uliozidi urefu wa mita 5, pasipo kuuliza kama umeota wenyewe au umepandwa.

Kosa la pili huelekea upande wa pili. Msitu waweza kuibiwa mti mmoja mmoja huku paa lake likionekana zima. Mwaka 2001 misitu ya Kilimanjaro ilikaguliwa kwa ndege iliyoruka chini, na wakaguzi waliona ukataji wa miti ya kamfa, tanuri za mkaa na mashamba ndani ya hifadhi. Pia mawingu huufunika mlima sehemu kubwa ya mwaka. Ndiyo maana setilaiti za rada, kama Sentinel-1 ya mwaka 2014, zimekuwa msaada, kwa kuwa rada hupenya mawingu.

Serikali yetu ililitambua jambo hili. Katika hesabu kubwa ya misitu ya Tanzania Bara, iliyoanza mwaka 2009 kwa msaada wa Finland na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, picha za setilaiti hazikutosha. Watu walitumwa porini kupima miti kwa mikono yao. Matokeo yalionyesha misitu ya hekta milioni 48 hivi. Hesabu hiyo huaminiwa kwa sababu jicho la angani na mguu wa ardhini vilikwenda pamoja.

Sasa twafika kwenye jambo linalotugusa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayokataza kahawa na mazao mengine yaliyotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Siku ya kuanza kuitumia imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wamekwisha anza kuuliza mahali kila shamba lilipo. Kwa maneno ya sheria yenyewe, ardhi ya kilimo si msitu hata ikiwa na miti. Sheria hiyo basi haikigombezi kihamba. Hatari iko katika ramani: kama kihamba kimepakwa rangi ya msitu, siku mkulima atakapokata mringaringa mzee ili apande mpya, picha itasema kwamba msitu umefyekwa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeweza kusahihisha rangi hiyo ni yule anayekaa chini yake. Sheria ilipopitishwa, ilikubali nukta moja ya mahali kwa shamba lisilozidi hekta 4. Sisi twashauri mpaka wote upimwe, kwani nukta haionyeshi shamba linaishia wapi na msitu unaanzia wapi. Daftari la chama cha msingi liandike pia mwaka kahawa ilipopandwa, miti ya kivuli iliyopo, na tarehe ya kila mti uliokatwa. Karatasi hizo zitamtetea mwanachama pale ambapo picha haina ulimi.

Lakini tusidai haki ya upande mmoja. Ramani ile ile itakayomlinda mkulima mwaminifu itamfichua aliyeingia msituni. Wazee wetu waliwekewa ukanda wa nusu maili mwaka 1941 wapate kuni na mbao bila kuuharibu msitu wa juu, na maji ya mifereji yetu hutoka huko huko. Mwanachama anayeonyesha mpaka wake kwa usahihi anaulinda msitu pamoja na kahawa yake. Kazi hiyo twaiweka mbele ya vyama vyote vya msingi kwa miaka kumi ijayo.