Linux kwa kompyuta za zamani: Mbulu na Hanang

Linux ni mfumo wa uendeshaji wa kompyuta unaotolewa bure, wenye leseni inayomruhusu mtu yeyote kuunakili, kuubadilisha na kumgawia mwenzake. Kiini chake kiliandikwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Kiini hicho hufungashwa pamoja na programu nyingine katika mikusanyo ambayo mafundi huiita distro. Makala hii inahusu kuchagua distro ya kompyuta kuukuu katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako mashine ya mtumba ndiyo inayochapa mitihani ya shule, matangazo ya parokia na barua za steshenari.

Haja ya kuchagua imekua kwa sababu ya tarehe mbili. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda mbele. Core i5 ya mwaka 2014 iliyo nzima kabisa inabaki nje. Mwenye steshenari Katesh au Dongobesh hupokea flashi za watu wengi kwa siku, na virusi vinavyogeuza folda za mteja kuwa shotikati vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux havifanyi kazi. Kwa biashara ya kuchapa, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuhama.

La kwanza kuangalia ni kama prosesa ni ya biti 32 au 64, maana biti 32 inaachwa kila mahali. Distro ya Ubuntu iliacha kutoa diski yake ya kawaida ya biti 32 mwaka 2017. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Na Firefox ya kawaida kwa Linux ya biti 32 ilikoma mwaka huohuo. Pentium 4 za awali na baadhi ya Atom zimo katika kundi hili. Kwa mashine hizo zimebaki Debian 12 na antiX 23, na zitumike kuandika na kuchapa, si kazi za mtandaoni. Lakini mwenye mashine asikate tamaa mapema. Core 2 Duo zilizotoka kuanzia 2006 ni za biti 64, ingawa nyingi ziliwekewa Windows ya biti 32, na mwenyewe akaamini miaka yote kuwa mashine ni ya biti 32. Ukiiwasha kwa flashi yenye Linux na kuandika amri ya lscpu, jibu linaonekana palepale.

Baada ya hapo hutazamwa RAM. Penye GB 1 au pungufu, antiX inafaa. Penye GB 2, Lubuntu hutembea vizuri, na Linux Mint yenye mandhari nyepesi ya Xfce hujikongoja. Penye GB 4, Mint ndiyo chaguo bora kwa aliyezoea Windows, kwa kuwa menyu na vitufe vyake viko pale alipozoea kuviona. Puppy Linux hujipakia yote kwenye RAM, hivyo huweza kuokoa mashine ambayo diski yake imekufa. Wapo mafundi wanaosifu distro nyepesi kuliko zote. Sifa hiyo hupotosha: kinachomaliza RAM leo ni kivinjari chenye kurasa kadhaa wazi, iwe mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani (NECTA) au tovuti ya maombi ya ajira. Fedha kidogo iliyopo ianze kununua RAM ya ziada na diski ya SSD, ndipo ubishi wa distro uendelee.

Lenye uzito zaidi katika wilaya hizi ni bando. Faili la kusakinishia Mint lina karibu GB 3, na masahihisho huendelea kuongezeka kila mwezi. Kwa hiyo inafaa shule na ofisi za kata moja zikubaliane juu ya distro moja na toleo moja. Vifurushi vilivyopakuliwa kwa amri ya apt-get hubaki katika folda ya /var/cache/apt/archives. Mwalimu mmoja akipata mtandao mzuri mjini Mbulu, hunakili folda hiyo kwenye flashi na kuzisahihisha mashine nyingine za toleo hilohilo bila kununua bando tena. Kila shule ikichagua distro yake, faida hiyo hupotea, na fundi mmoja hawezi kuzihudumia zote.

Kabla ya kufuta Windows, ni lazima kuijaribu printa kwa Linux ya kwenye flashi. HP nyingi hukubali kwa programu ya HPLIP; baadhi ya printa za aina nyingine husumbua sana. Mitihani iliyochapwa kwa Calibri hufunguka katika LibreOffice kwa Carlito, mwandiko wenye upana uleule wa herufi, ili mistari isihame.

Umeme ukikatika katikati ya masahihisho, mfumo hukataa kusakinisha chochote hadi iandikwe amri ya sudo dpkg --configure -a. Betri ya saa, CR2032, nayo ikifa, tarehe ya kompyuta hurudi miaka mingi nyuma, na kivinjari hukataa tovuti zote salama. Wengi huilaumu Linux wakati kinachotakiwa ni kubadili betri hiyo tu.

Wilaya jirani ya Karatu, iliyokuwa sehemu ya Mbulu, imeona njia nyingine: shirika la Powering Potential lilipeleka katika shule za sekondari, Banjika ikiwamo, kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia Linux na umeme wa jua. Kwa shule isiyo na gridi, hizo ni bora kuliko kufufua Pentium 4 inayokula umeme.

Kiswahili kiliingia mapema katika programu huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice. Kiiraqw, lugha kuu ya Mbulu, hakihitaji kibodi maalumu, kwa kuwa tahajia yake hutumia herufi za kawaida pamoja na alama ya mkwaju (/) kwa sauti ya koo. Alama hiyo huandikwa bila shida ndani ya waraka, ila haikubaliki katika jina la faili, kwa sababu Linux huitumia kutenganisha folda. Mwandishi wa Kiiraqw hulazimika kuiacha anapohifadhi kazi yake.